Vifaa vya kunyolea vya babu na usiku mmoja kwenye beseni la ndimu

Kisa hiki kilianzia Pemba kikaishia karakanani kwangu, Unguja. Familia imeniruhusu kukiandika kwa sharti nisitaje jina, kijiji wala mwaka. Kwa hiyo mwenye vifaa nitamwita Babu, mkewe Bibi, na kijana aliyeniletea nitamwita Mjukuu. Yote ya kuwatambulisha nimeyaondoa. Yanayohusu chuma, shaba, mpini na burashi nimeyaacha kama yalivyokuwa, maana hayo ndiyo ninayotaka mafundi wenzangu wayasome, na wajukuu wengine wenye makasha majumbani kwao.

Usuli

Babu alikuwa mkulima wa karafuu kaskazini ya Wete. Kunyoa hakukuwa kazi ya kumpa pesa. Asubuhi ya Ijumaa alikaa barazani na kibao chake, bakuli la maji na wembe, majirani wakaja mmoja mmoja kabla ya sala. Mtoto mchanga akifika siku ya saba, aliitwa yeye. Bibi anasema pale kijijini hakuna mtu wa rika la wanawe ambaye kichwa chake hakikupita mikononi mwa mumewe.

Babu alifariki zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Vifaa vikafungwa, vikatiwa ndani ya kasha la njumu chumbani kwa Bibi, na havikuguswa tena. Masika moja paa likavuja upande ule. Mjukuu, ambaye anafanya kazi Unguja na alikuwa kwao likizoni, akalisogeza kasha na kulifungua aone kama maji yameingia. Makasha mengi ya kale ya Zanzibar yana kijisanduku cha pembeni chenye kifuniko chake, na chini ya kijisanduku mna nafasi ya siri ambayo asiyejua haioni. Mjukuu alikuwa akijua. Humo ndimo vilimokuwa.

Vilikuwa vifurushi vitatu, na idadi hiyo ina maana kubwa kwenye kisa hiki. Cha kwanza kilikuwa kipande cha kikoi kilichofunga wembe wa kukunja wenye muhuri wa Sheffield, mji wa Uingereza, kinoo kilichobonyea katikati, mkanda wa ngozi wa kuusuguia wembe, na pande la shabu la kupaka baada ya kunyoa. Cha pili kilikuwa kijaluba cha bati chenye mashine ya wembe ya Gillette, ile ya vipande vitatu inayofunguka kwa kuzungusha mpini, pamoja na pakiti ya nyembe zilizoshikana kwa kutu zikawa kitu kimoja. Cha tatu kilikuwa burashi ya kunyolea, peke yake, imezungushiwa gazeti la Kigujarati na kufungwa kwa kamba ya usumba.

Haya ya vifurushi sikuambiwa na Mjukuu. Yeye alivifungua vyote kwa pamoja, na alipofika kwangu hakukumbuka kipi kilikuwa na kipi. Nimeyajua kwa sababu dada yake alipiga picha moja ya simu kabla kamba hazijakatwa. Hakuwa na nia ya kuweka kumbukumbu, alitaka kumrushia shangazi yao aliyeko Dar es Salaam.

Usiku wa beseni

Mjukuu alifurahi, na furaha yake naielewa. Alitaka asubuhi Bibi aamke avione vinang'aa. Akachukua beseni, akatia maji ya moto, chumvi na ndimu kumi na kitu, akatumbukiza kila kitu isipokuwa mkanda, kinoo na shabu. Akaenda kulala.

Hakubuni njia hii. Majumbani kwetu sinia na mabuli ya shaba yanasafishwa kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, na yanatoka vizuri. Lakini sinia la shaba ni shaba juu na chini, husuguliwa kwa dakika chache likasuuzwa. Kwenye beseni lile kulikuwa na chuma, shaba ya njano, nikeli iliyopakwa juu ya shaba, mpini ambao hakuna aliyejua umetengenezwa kwa nini, na nywele za mnyama ambaye hakuna aliyeuliza ni mnyama gani. Na vilikaa usiku kucha.

Asubuhi wembe ulitoka na wekundu mwembamba uliotanda ubapa mzima. Mjukuu akadhani ni kutu iliyobaki, akausugua kwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Mashine ilikuwa imeambuka nikeli kichwani, na palipoambuka pana rangi ya waridi.

Bibi akatoka, akatazama beseni, akauliza, "Burashi nani kaitia humu?" Mjukuu akajibu kwamba ni yeye, na kwamba itakuwa safi. Bibi akageuka akarudi ndani. Mjukuu aliniambia alidhani bibi yake ameingiwa na uchungu kwa kumkumbuka marehemu. Hakumfuata kumuuliza. Siku nne baadaye aliniletea vitu vyote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, bado vina unyevu.

Nilichokiona

Siku ile sikusafisha kitu. Nilitandika kitambaa cheupe, nikavipanga vitu, nikavipulizia feni, nikavipiga picha, kisha nikavitazama kwa lenzi ya fundi saa.

Wekundu wa wembe haukuwa kutu. Kutu ukiifuta kwa kitambaa cheupe inaacha rangi ya machungwa, ile haikuacha kitu. Ilikuwa shaba. Asidi ya ndimu na chumvi ziliyeyusha shaba kidogo kutoka kwenye mashine, na chuma kilichokuwa jirani kwenye maji yale yale kikaivuta shaba ile ikajipaka juu yake, huku chuma chenyewe kikiliwa. Masonara wanalijua jambo hili: ukitia koleo la chuma kwenye asidi uliyokwisha kusafishia vitu vya shaba, pete ya fedha iliyomo inatoka nyekundu. Weka chuma na shaba beseni moja lenye asidi, na umeanzisha kazi ambayo hukuikusudia.

Waridi la kwenye mashine lilikuwa na sababu iliyo karibu na hiyo. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Asidi yenye chumvi hutangulia kuila zinki, na kinachobaki usoni ni shaba nyekundu iliyo dhaifu. Rangi hiyo haiondoki kwa kufuta. Kuiondoa ni kukwangua.

Kisha nikaushika wembe, nikausugua mpini kwa kidole gumba mpaka ukapata joto. Harufu ikatoka. Mjukuu akarudi nyuma.

"Fundi, hii si karafuu maiti?"

Ilikuwa ndiyo, na niliona usoni pake anawaza nini. Kwetu harufu hiyo mtu anaijua kutoka chumba cha kuoshea maiti na sanda. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama Babu alikuwa akinyolea maiti kwa wembe ule. Nikamtoa hofu. Mpini ule ni seluloidi, plastiki ya mwanzo kabisa kuenea duniani. Ndugu wawili wa Marekani, akina Hyatt, waliipatia hataza mwaka 1870, na hutengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi ya naitriki kisha ikachanganywa na kafuri, ambayo ndiyo karafuu maiti yenyewe. Ilipendwa kwa mipini ya nyembe kwa sababu iliweza kuigiza pembe ya ndovu na gamba la kasa kwa bei ndogo.

Harufu hiyo ilinieleza jambo jengine. Seluloidi ikizeeka inaoza, na ikioza inatoa mvuke wa asidi. Nikaufungua wembe nikautazama upya. Sehemu inayobaki nje wembe ukikunjwa ilikuwa na kutu ya kawaida ya visiwani, ya hewa ya bahari. Sehemu inayolala ndani ya mpini ilikuwa na vishimo vyeusi vilivyofuata umbo la mpini kama vimechorwa. Miaka yote ile wembe ulikuwa ukiliwa na mpini wake wenyewe. Ndimu ilimalizia.

Burashi

Swali la Bibi lilinikaa kichwani. Siku ya tatu nikampigia simu, nikamwamkia, nikamuuliza burashi ile ilikuwa na nini.

"Mwanangu," alisema, "ile burashi hakuitia usoni pake hata siku moja."

Babu alipewa burashi na mashine pamoja, na mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akinunua karafuu zake. Mtu mwengine akamwambia nywele zile ni za nguruwe. Babu hakuweza kutupa zawadi ya mtu aliyemheshimu, na hakuweza kuitumia. Akaizungushia gazeti akaiweka mbali. Povu alilitoa kwa vidole, au kwa kipande cha dodoki.

Nikarudi kwenye lenzi. Nywele za nguruwe ni nene, zinapungua kuelekea ncha, na ncha yenyewe imepasuka vipande viwili vitatu. Zile zilikuwa hivyo. Kwenye shina, pale nywele zinapoingia kwenye kishikio, burashi iliyotumika hubakiza ukoko wa sabuni ambao usiku mmoja wa ndimu hauwezi kuumaliza. Hapakuwa na ukoko. Maneno ya Bibi na kitu chenyewe vilikubaliana.

Sasa tulikuwa na tatizo ambalo halikuwepo kabla ya beseni. Sisi wengi hapa ni watu wa madhehebu ya Shafii, na nguruwe kwetu ni najisi nzito, nywele zake zikiwemo. Kilichogusana nacho kikiwa na maji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Burashi, mashine na wembe vililala maji mamoja. Mjukuu alikwenda kwa maalim aliyemsomesha chuoni, na jibu likawa hilo hilo, na nyongeza iliyonisaidia sana: si lazima kusugua kwa udongo, yanatosha maji yaliyotiwa udongo safi mpaka yakachafuka, yakafika kila mahali. Kusugua wembe kwa mchanga kungeumaliza. Nikachuja udongo kwa kitambaa chembamba, nikaukoroga, nikamimina bila kugusa, nikasuuza mara sita zilizobaki, na kila kitu nikakikausha kwa feni papo hapo kisha nikakipaka mafuta.

Nilikuwa na sababu yangu nyengine ya kutoirudisha burashi usoni pa mtu, na hii ingesimama hata kama nywele zingekuwa za farasi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, watu waliugua kimeta Uingereza na Marekani kwa kutumia burashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele ambazo hazikusafishwa vizuri. Uingereza ilifika kupiga marufuku burashi za kunyolea kutoka Japani mwaka 1920. Vijidudu vya kimeta hujifunika ganda gumu na kuweza kuishi vikavu kwa miongo mingi. Burashi ya zamani isiyojulikana asili yake ni ya kutazama.

Maamuzi, na kwa nini

Haraka ilikuwapo. Mke wa mmoja wa wajukuu alikuwa amebakisha wiki saba kujifungua, na familia ilitaka mtoto anyolewe siku ya saba kwa wembe wa Babu, wembe ule ule ulionyoa baba zake. Hilo ndilo waliloniagiza. Mengine yote yalikuja baada yake.

Nilianza na wembe. Makali yake yalikuwa yamebonyea katikati kama tabasamu lililopinduliwa. Mgongo ulikuwa umelika zaidi karibu na kisigino, yaani upande wa mpini, kuliko kwenye ncha, tena upande mmoja. Mtu mmoja, mkono mmoja, kinoo kimoja, miaka mingi. Fundi anayetaka wembe unyoe angesaga makali mpaka yanyooke na kuulaza mgongo upya, na ningeupata wembe mzuri usio na Babu ndani yake. Sikutaka kufanya hivyo bila wenyewe kujua wanapoteza nini. Nilimtumia Mjukuu picha ya mgongo, nikamweleza, naye akamwonesha Bibi. Jibu la Bibi lilikuwa kwamba niunoe "kwa alivyokuwa akiunoa yeye."

Kwa hiyo niliuvika mgongo tepe ili jiwe lisiuguse, nikatumia jiwe jembamba la namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi) linaloweza kufuata ubonyefu badala ya kuufuta. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha kulegeza kutu kwa siku mbili. Sikutumia mashine ya kusagia wala moto: chuma cha aina hii kikipashwa zaidi ya kiasi cha nyuzi 200 kinaanza kupoteza ugumu wake, na makali yake ni membamba mno, yanapata joto hilo kwa kufumba na kufumbua. Wembe huu, naongeza, si wa chuma kisichoshika kutu. Chuma cha namna hiyo Harry Brearley alikitengeneza huko huko Sheffield mwaka 1913, lakini huu ni chuma cha kaboni, na utashika kutu siku zake zote.

Nikapiga mikupuo michache, nikatazama. Kwenye theluthi ya mbele vishimo vilifika mpaka kwenye makali. Kila nilichoondoa, kishimo chengine kilifunguka. Nikaacha. Sehemu ya nyuma, karibu na kisigino, ilipanda mpaka jiwe la 8000 na ikakata unywele. Ya mbele haikufika hapo, na nisingeifikisha bila kuondoa milimita mbili za wembe.

Hapo ndipo nilipowaambia kwamba wembe huu hautapita kwenye kichwa cha mtoto. Makali yenye vishimo hukwaruza, na kishimo hakisafishiki mpaka ndani. Utosi wa mtoto wa siku saba bado ni laini, na kovu la kitovu bado bichi. Watu wengi hudhani kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Kutu haileti. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo, na kishimo cha kutu ni mahali pazuri pa kujificha. Mjukuu aliudhika. Alikuwa amekwisha kuwaambia ndugu zake wembe utakuwa tayari.

Nikamgeuzia macho kwenye mashine. King C. Gillette alipata hataza yake Marekani mwaka 1904, mwaka mmoja baada ya kuanza kuuza, na mwaka huo wa kwanza ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Jambo la ajabu katika kazi ile ni kwamba wembe wa leo wa makali mawili, milimita 43 kwa 22, ule unaouzwa mmoja mmoja kwenye kila duka la mtaa kuanzia Darajani mpaka Konde, unaingia kwenye mashine za zamani zile bila kukatwa. Kichwa cha mashine ya Babu kina vishikizo vitatu. Wembe mpya una mfereji mrefu katikati unaovipokea vyote. Nikautia, nikakaza, nikatazama kwa lenzi pande mbili: makali yalitoka sawasawa. Mpini wake nikautafuta ufa, kwa sababu mirija ile myembamba ya shaba hupasuka kwa uzee. Haukuwa na ufa.

Kwa hiyo mkono wa Babu kwa mashine, na makali mapya kwa usalama. Bibi ndiye aliyekubali kwanza. Alisema mashine aliitumia mwenyewe kwa ndevu zake, na wembe ule wa kukunja ndio wa watu.

Kuhusu nikeli, Mjukuu aliniomba niipeleke ikapakwe upya. Nilikataa, na bado naona nilikuwa sawa. Kabla ya kupaka nikeli lazima usuguliwe uso wote mpaka uwe laini, na kwa kufanya hivyo muhuri wa Uingereza ulioko kichwani ungefutika pamoja na michirizi ya vidole kwenye mpini. Niliishia kuiosha kwa sabuni na mswaki laini. Madoa ya waridi yapo.

Mpini wa seluloidi niliutoa, nikatengeneza mwengine kwa kipande cha mpingo nilichopewa na fundi samani, nikaufunga kwa ribiti za shaba. Ule wa zamani umo kwenye bahasha ya karatasi isiyofungwa, mbali na chuma chochote na mbali na jiko, kwa kuwa seluloidi hushika moto kwa urahisi wa kutisha.

Siku ya saba

Mtoto alizaliwa siku chache kabla ya muda. Nilikuwa nimekwisha kuichemsha mashine, nikaifuta kwa spiriti, nikaituma Pemba pamoja na pakiti ya nyembe mpya ambayo haijafunguliwa. Ami yake ndiye aliyemnyoa, kwa maji ya vuguvugu, shangazi akishika kichwa. Hakukatika hata mahali pamoja. Nywele zikapimwa kwenye mizani ya sonara, fedha ya uzito wake ikatolewa sadaka kama ilivyo sunna. Wembe wa kukunja ulikuwapo pia, juu ya sinia, umekunjwa.

Siku hiyo hiyo maalim aliligusa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mjukuu alikuwa amepanga kurudi Unguja na vifaa. Maalim akauliza vilikuwa vya nani. Mirathi ya Babu iligawiwa zamani, shamba na nyumba, lakini kifurushi cha kwenye kasha hakikuhesabiwa. Kina warithi, na mjukuu ambaye baba yake yu hai si mmoja wao. Wote wakakubaliana vibaki kwa Bibi kama amana. Mjukuu alilipokea hilo vizuri kuliko nilivyotarajia.

Uchambuzi

Ukiniuliza kilichoharibu zaidi ni nini, sitasema ndimu. Mtu aliyekuwa akijua kila kitu kuhusu vifaa vile alikuwa amelala chumba cha pili. Swali moja, "Bibi, hivi vilikuwa vikitumikaje?", lingetenga burashi, na burashi ingetenganisha beseni. Mjukuu alitaka kumshangaza, na anayetaka kumshangaza mtu hawezi kumuuliza. Asubuhi alipata nafasi ya pili, Bibi alipouliza mwenyewe, akaipitisha kwa kudhani amekwisha kujua jibu.

Vifurushi vitatu vilikuwa maandishi ya Babu. Hakuandika popote kwamba burashi hii isichanganywe, alifunga kamba. Kukata kamba tatu na kumwaga vitu pamoja ni kuchana barua kabla ya kuisoma. Picha ya dada mtu ndiyo iliyoturudishia barua hiyo, na ilipigwa kwa bahati. Tangu hapo mtu akinipigia simu kwamba amekuta vitu vya mzee wake, neno langu la kwanza ni apige picha kabla hajafungua, na la pili ni nani aliye hai anayevijua.

Kilichofanya kazi vizuri ni siku ile ya kwanza ya kutofanya kitu. Harufu ya kafuri ningeweza kuikosa kabisa kama ningeanza na sabuni. Pia kuigawa kazi kwa vitu badala ya kuichukua kama seti: mashine ilirudi kazini, wembe ulirudi nusu, burashi haikurudi. Wateja hupenda jibu moja kwa vyote, na fundi hupenda kuwapa.

Nami nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili ni ya kuvisubirisha vitu mahali pabaya. Nilijua siku ya kwanza kwamba mpini ni seluloidi inayooza, lakini nikauacha kwenye wembe kwa wiki mbili nikingoja mpingo. Nilipoufungua nikakuta kutu mpya, nyembamba, pale pale kwenye umbo la mpini. Ingenichukua robo saa kuutoa. Vile vishimo vya mbele vilivyonishinda kwenye jiwe, siwezi kuapa kwamba hakuna hata kimoja kilichozidi kina katika wiki zile mbili.

Kosa la pili ni mkanda. Ngozi ilikuwa ngumu kama ubao, nikaipaka mafuta ya nazi, tena kwa ukarimu, kwa kuwa ndiyo tunayopaka kila kitu. Ikalainika vizuri. Mvua za masika ziliponoga ikaota ukungu, mafuta yakachacha, na ngozi ikavimba upande mmoja. Mkanda hauna kazi tena, na ulikuwa umeshikilia alama za mkono wa Babu kuliko hata wembe: mfereji mwembamba katikati, pale alipokuwa akiupitisha wembe mgongo mbele. Ungeweza kubaki mgumu ukatazamwa. Kwa chuma mafuta ya nazi hayafai pia kwa sababu hiyo hiyo, yanachacha na kutoa asidi. Mimi hutumia mafuta ya cherehani, tone moja likafutwa karibu lote, na kila baada ya miezi miwili wembe unafunguliwa, unafutwa, unapakwa tena. Bibi anaifanya kazi hiyo mwenyewe. Nilimwekea kichupa.

Burashi bado iko kwangu, ndani ya chupa ya kioo, na kipande cha lile gazeti la Kigujarati kando yake. Bibi hataki irudi ndani ya kasha, na hataki itupwe. Wanawe hawajaamua.